Salzburg ni wapi hasa, na kwa nini mtu afunge safari kwenda huko? Tuanze na chumvi

Kila mwaka ikifika Desemba, kwenye grupu letu la kwaya la WhatsApp linaibuka swali lilelile. Mtu anaposti audio ya "Usiku Mtakatifu", mwingine anauliza huu wimbo katunga nani, wa tatu anajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni Mozart, yule mtunzi wa Salzburg, wa nne anasema hapana, ni wimbo wa zamani wa Wajerumani hauna mwenyewe, alafu mdogo wetu mmoja wa besi akaandika "kwani si huko Australia kwenye timu ya Red Bull?" Sikumcheka hata kidogo, maana ukiangalia vizuri kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila vipande vimechanganyika kama noti zilizodondoka chini zikaokotwa bila kuangalia namba za kurasa.

Mimi naishi Munich mwaka wa sita sasa na Salzburg nimeenda mara nyingi, mwanzoni kwa sababu ni karibu, baadaye kwa sababu nimeupenda ule mji kweli. Basi nimeona niandike kwa kirefu, tupange kurasa moja baada ya nyingine, na mtu mwenye nia ya kwenda ajue anaenda kuona nini.

Kwanza majina. Salzburg ipo Austria, siyo Australia. Austria ni nchi ya katikati ya Ulaya, wanaongea Kijerumani, haina bahari, imepakana na Ujerumani, Italia, Uswisi na wengine. Salzburg ni mji wa watu kama laki moja na nusu hivi, yani siyo mkubwa, na upo mpakani kabisa na Ujerumani. Kutoka Munich kwa treni ni saa moja na nusu mpaka mbili, kutoka Vienna ambako ndo mji mkuu ni kama saa mbili na nusu. Katikati unapita mto unaitwa Salzach. Na jina lenyewe usilipite haraka: Salz kwa Kijerumani ni chumvi, Burg ni ngome. Ngome ya chumvi. Haya maneno mawili yashike mkononi, maana karibu kila kitu utakachokiona pale, pamoja na muziki, kinaanzia kwenye chumvi.

Pili hili la Alps, ile milima mikubwa ya Ulaya. Mtu akisikia mji wa Alps anawaza baridi ya kileleni na theluji mwaka mzima. Salzburg iko miguuni pa milima, kama Moshi ilivyo miguuni pa Kilimanjaro, na kwa kimo ni mita 420 na kidogo tu juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko juu zaidi na Nairobi ndo usiseme, inakaribia mita 1,800. Julai na Agosti kuna joto la kutembea na fulana. Kinachosumbua ni mvua, ile nyembamba isiyokatika, wenyewe wana jina lake kabisa, wanaiita mvua ya nyuzi kwa sababu inashuka kama nyuzi zimening'inizwa kutoka mawinguni. Mwamvuli usiache hotelini hata ukiona jua.

Chumvi ilivyogeuka kuwa muziki

Kusini mwa mji, kama kilomita 15, kuna mji mdogo unaitwa Hallein, na juu yake mlima wa Dürrnberg. Ndani ya ule mlima kuna chumvi. Watu wa kale wanaoitwa Waselti walishaichimba karne nyingi kabla ya Kristo, baadaye sana ikaja mikononi mwa maaskofu wakuu wa Salzburg. Njia yao ilikuwa ya akili sana: wanachimba mapango ndani ya mlima, wanayajaza maji, wanaacha maji yayeyushe chumvi taratibu, alafu yale maji mazito ya chumvi wanayashusha kwa mabomba mpaka Hallein na kuyachemsha kwenye masufuria makubwa sana mpaka maji yaishe chumvi ibaki. Mtu wa Kigoma atanielewa haraka maana Uvinza wamechemsha maji ya chumvi tangu enzi za mababu na watu walikuwa wanatoka mbali kuifuata.

Kwa nini iwe na pesa kiasi hicho? Fikiria dunia isiyo na friji. Nyama, samaki, jibini, kabichi ya kula miezi ya baridi, vyote bila chumvi vinaoza. Sisi wa pwani tunajua papa mkavu anavyokaa miezi bila kuharibika, sasa chukua hiyo hali uipe bara zima, alafu mwenye chumvi awe mmoja na wewe huna pa kwenda. Ndo maana waliiita dhahabu nyeupe. Ilipakiwa kwenye mashua ikashuka na mto Salzach, ikaingia mto Inn, ikafika mto Danube, ikauzwa nchi za mbali. Hawa watu wa mashua tuwakumbuke, tutawahitaji huko mbele.

Sasa hawa maaskofu wakuu wenyewe. Hapa wengi wanachanganyikiwa kwa sababu wanamfikiria askofu kama wa kwetu, mwenye kanisa kuu, fimbo na vipaimara. Wa Salzburg alikuwa na hayo yote, alafu mwongezee jeshi, mahakama, jela, ushuru wa forodha na mgodi wa chumvi. Alikuwa mtawala wa nchi, na Salzburg ilikuwa nchi yake, ndani ya ule muungano mkubwa ulioitwa Dola Takatifu la Kirumi. Hali hiyo ilidumu mpaka 1803, na Salzburg kuingia moja kwa moja Austria ni 1816 baada ya vita vya Napoleon.

Mtawala wa namna hiyo mwenye hela za chumvi anafanya nini? Anajenga, na anaajiri wanamuziki. Ile ngome kubwa nyeupe unayoiona juu ya kilima kutoka kila kona ya mji, Hohensalzburg, ilianza kujengwa 1077 na maaskofu waliofuata wakawa wanaongeza, kila mtu na ukuta wake. Kanisa kuu unaloliona leo liliwekwa wakfu 1628. Ingia ndani uangalie juu: kwenye nguzo nne zinazobeba kuba kuna vinanda vinne vya mabomba, kila nguzo na chake, mbali na kile kikubwa cha nyuma. Yani walitaka sauti ikufikie kutoka pande zote, kwaya huku, tarumbeta kule, wewe umekaa katikati. Hiyo ni miaka mia tatu na zaidi kabla mtu hajawaza spika za sebuleni.

Kwenye ngome nako kuna chombo cha 1502 wanakiita Fahali wa Salzburg. Ni kinanda cha kujipiga chenyewe, cha mabomba, kazi yake ilikuwa kuamsha mji asubuhi na kuufunga jioni, na kinaishia na mngurumo mmoja mnene wa sauti zilizopangwa pamoja, ndo maana kikaitwa fahali. Chini mjini kuna mnara wenye kengele 35 zinazopiga nyimbo saa moja asubuhi, saa tano na saa kumi na mbili jioni. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa chini nikidhani kengele zimemaliza, mara huko juu kilimani likaitikia lile fahali, nikasikia kifua kinatetemeka. Mtu wa kwaya akisikia kiitikio kinatoka mlimani hawezi kusahau.

Kuna askofu mmoja nampenda kumsimulia kwa sababu maisha yake ni somo zima la chumvi. Wolf Dietrich, alitawala kuanzia 1587. Alibomoa nyumba nyingi za mji wa zamani ili ajenge upya kwa mtindo wa Roma. Mwaka 1606 akajenga jumba nje ya kuta za mji kwa ajili ya mwanamke wake Salome Alt, ambaye alizaa naye watoto 15, na hilo jumba ndo Mirabell ambalo bustani yake leo watu wanapigia picha bila kujua ilikuwa ya nani. Alafu 1611 akagombana na jirani yake wa Bavaria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, kwa ajili ya biashara ya chumvi, akapeleka wanajeshi Berchtesgaden, Bavaria wakaja na jeshi kubwa zaidi, wakamkamata. Akafungwa kwenye ngome yake mwenyewe ya Hohensalzburg, akafia humo 1617. Ukisimama bustani ya Mirabell ukaangalia juu, ngome inaonekana imekaa sawasawa katikati ya picha, na kwangu mimi hayo ndo maisha yake yote kwa mtazamo mmoja, jumba la mapenzi chini na jela juu.

Aliyemfuata, Markus Sittikus, akajenga Hellbrunn, jumba la kupumzikia mchana tu, nje kidogo ya mji, lenye bustani ya maji. Kuna meza ya mawe na viti vya mawe kuizunguka, na kila kiti kina tundu dogo katikati, isipokuwa kiti cha mwenyeji. Wageni wanakaa, wanakula, ghafla maji yanarushwa kutoka kwenye viti, na askofu amekaa mkavu. Na kwa sababu mgeni haruhusiwi kusimama kabla ya askofu, unakaa hapo hapo umeloa. Mabomba yale ya zaidi ya miaka 400 yanafanya kazi mpaka leo na mwongozaji atakulowesha, watoto wanafurahi sana pale, kama mna familia msipitwe.

Lakini nisipendezeshe kila kitu. Mwaka 1731 askofu mkuu Firmian alitoa amri Waprotestanti wote waondoke nchini kwake, na watu kama elfu 20 walifukuzwa, wengine kwenye baridi ya kipupwe na vitoto mgongoni, wengi wakaishia Prussia, ufalme wa Wajerumani wa kaskazini, na wachache wakavuka mpaka Amerika. Sisi Walutheri hasa inafaa tulijue hili. Huyo huyo Firmian miaka michache baadaye akajenga jumba zuri mno kando ya ziwa, Leopoldskron. Jina hilo nalo lishike, tunalirudia.

Mozart: alizaliwa pale, alikasirika pale, akaondoka

Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa 27 Januari 1756, ghorofa ya tatu, nyumba namba 9, mtaa wa Getreidegasse. Kesho yake akabatizwa kanisa kuu, na bakuli la ubatizo bado lipo pale karibu na mlango, la shaba, limebebwa na simba, lina umri wa karne kadhaa zaidi kuliko kanisa lenyewe. Unaweza ukalisogelea kabisa.

Je, alikuwa Mwaustria? Hapa watu wanabishana mpaka wanakasirikiana na wala hakuna haja. Chukua mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1950: leo tunamwita Mtanzania na siyo uongo, lakini siku anazaliwa hakukuwa na nchi inayoitwa Tanzania. Mozart ni hivyo hivyo. Alizaliwa chini ya askofu mkuu wa Salzburg, kwenye nchi ya Salzburg.

Baba yake Leopold alikuwa mpiga violini wa askofu, mwalimu mzuri sana, mwaka huohuo wa 1756 alitoa kitabu cha kufundisha violini kilichosifika Ulaya nzima. Watoto saba walizaliwa wakabaki wawili, Wolfgang na dada yake Maria Anna waliyemwita Nannerl, na huyu dada naye alikuwa fundi wa kinanda kwelikweli, wote wawili walizungushwa kupiga mbele ya wafalme wakiwa wadogo. Kaka akaendelea, dada akawekwa nyumbani kwa sababu ya mila za wakati ule. Kaburi la Nannerl liko makaburi ya Mtakatifu Petro, chini ya jabali, na mimi kila nikienda napita, naona ni haki yake.

Uzushi mkubwa kuliko wote ni kwamba Salzburg na Mozart walipendana. Hapana. Mwanamuziki wa enzi ile alikuwa mtumishi wa jumba, kama mpishi na mfungua mlango. Mwaka 1781 askofu mkuu Colloredo alimwita Mozart amfuate Vienna na Mozart akamwandikia baba yake barua kulalamika kwamba mezani anakalishwa na watumishi wa chumbani, juu kidogo tu ya wapishi. Akaomba kuacha kazi. Mwisho wa mabishano, msimamizi wa askofu anayeitwa Count Arco akamtoa nje kwa teke la makalio, na Mozart mwenyewe ndo ameliandika hilo. Akabaki Vienna akijitegemea mpaka kifo chake 5 Desemba 1791. Na ile hadithi ya kutupwa shimoni kama mbwa nayo si sahihi, alizikwa kaburi la kawaida kama walivyozikwa watu wengi wa hali yake Vienna kwa sheria za wakati huo, bila jiwe la jina, basi.

Sasa utauliza kama aliuchukia mji kwa nini twende Salzburg. Kwa sababu pale ndipo alipofundwa. Misa zake nyingi za kanisa ziliandikwa kwa ajili ya hilo kanisa kuu, kwa vinanda vile na kwa mwangwi ule, na pia kwa amri ya askofu ambaye hakutaka misa ndefu, ndo maana ni fupi na zimekazwa, hakuna neno la ziada. Kama umewahi kuimba misa ya Mozart kwenye kwaya ukajiuliza mbona mistari ya Imani inapigwa mbio hivi, jibu ni hilo. Jumapili saa nne asubuhi ukiingia kanisa kuu kuna ibada, siyo shoo, na mara nyingi kuna kwaya na okestra, huhitaji tiketi, unakaa unasali na watu wa pale. Nimeshalipa pesa kusikiliza muziki sehemu nyingi na bado ile Jumapili ya kwanza ndo naikumbuka, walipofika Agnus Dei mama mmoja mzee pembeni yangu alikuwa anaimba alto polepole bila kitabu, na mkono wake ulikuwa unahesabu mapigo kwenye ukingo wa benchi kama tunavyofanya sisi.

Nyumba ya kuzaliwa ni jumba la makumbusho, rangi ya njano, utaona msururu wa watu. Ndani kuna violini yake ya utotoni, ndogo mno, ukiiona unaelewa kwamba kweli alikuwa mtoto. Mtaa wenyewe ni mwembamba na vibao vya chuma vimening'inia juu ya maduka, na pembeni kuna vichochoro vinavyokatiza katikati ya nyumba, mtu aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atajisikia nyumbani, unaingia kichochoro hujui kitakutoa wapi. Chokoleti za mviringo zenye jina la Mozart zitakuzunguka kila duka. Zilibuniwa 1890 na mtengeneza keki wa pale anayeitwa Paul Fürst, karibu miaka mia moja baada ya Mozart kufa, kwa hiyo hakuwahi kuzionja. Duka la Fürst bado wanazitengeneza kwa mkono na karatasi yake ni ya fedha na bluu.

Filamu, tamasha na mpira

Wengine Salzburg wanaijua kwa The Sound of Music, filamu ya 1965, ile ya mlezi na watoto saba wanaoimba do re mi. Bustani ni ya Mirabell, nyumba ya masista ni Nonnberg ambayo ni ya kweli na masista wapo mpaka leo, na ziwa watoto wanapoanguka na mtumbwi ni la Leopoldskron. Mambo mawili yamewakaa watu vibaya. La kwanza, wimbo wa Edelweiss siyo wimbo wa taifa wa Austria wala siyo wa kiasili, umetungwa na Wamarekani kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa 1959. La pili, familia ya Trapp, ile inayosimuliwa kwenye filamu, ilikuwepo kweli na ilikimbia kweli mwaka 1938 baada ya Hitler kuichukua Austria, lakini hawakuvuka milima kwa miguu kwenda Uswisi. Walipanda treni wakaenda Italia. Uswisi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka pale, na milima unayoiona ukiwa Salzburg, ukiivuka unaingia Ujerumani, yani wangetua kwa Hitler mwenyewe.

Na Leopoldskron, ile nyumba ya Firmian aliyefukuza watu, mwaka 1918 ilinunuliwa na mwongozaji wa maigizo Max Reinhardt, Myahudi. Huyu pamoja na mwandishi Hugo von Hofmannsthal na mtunzi Richard Strauss ndo walioanzisha tamasha kubwa la Salzburg. Tarehe 22 Agosti 1920, vita ya kwanza imeisha, watu wana njaa, wakaigiza mbele ya ngazi za kanisa kuu hadithi ya tajiri anayeitwa na mauti. Jina lake Jedermann, maana yake kila mtu, na wakati wa kuitwa sauti zinatoka juu ya minara ya makanisa na kule ngomeni zikivuta lile jina. Linaigizwa hapo hapo mpaka leo kila kiangazi. Mwaka 1938 Wanazi wakamnyang'anya Reinhardt nyumba, akafia Marekani 1943. Nyumba moja, imemwona aliyefukuza na aliyefukuzwa.

Tamasha linaanza mwishoni mwa Julai mpaka mwisho wa Agosti, na tiketi nyingi ni ghali, hoteli zinapanda vibaya. Ila jioni kwenye uwanja wa Kapitelplatz wanaweka skrini kubwa na kuonyesha opera bure, beba kikoi cha kukalia na koti.

Mpira niupitie tu. Red Bull waliinunua timu ya Salzburg mwaka 2005, na pale wamepita Sadio Mané, Naby Keïta, Wazambia Patson Daka na Enock Mwepu, na Haaland. Kwa Watanzania kuna tarehe moja, 17 Septemba 2019, Salzburg waliwafunga Genk ya Ubelgiji 6-2 kwenye Ligi ya Mabingwa, na moja ya yale mabao mawili ya Genk lilifungwa na Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye mashindano yale. Uwanja uko nje kidogo ya mji. Kwa hiyo mdogo wetu wa besi hakukosea timu, alikosea bara tu.

Sasa turudi kwenye wimbo wetu

"Usiku Mtakatifu" haukutungwa na Mozart, alikuwa ameshafariki miaka 27. Na una wenyewe, wawili, tunawajua kwa majina.

Maneno ni ya Joseph Mohr, aliyezaliwa Salzburg mjini 1792, mtoto wa mama asiyeolewa aliyekuwa anafuma soksi ili wale, baba askari aliyetoroka jeshini. Padre mmoja wa kwaya ya kanisa kuu aliona kijana ana sauti, akamsomesha. Tazama hapo: ule muziki wa kanisa uliolipwa na chumvi ndo uliomtoa Mohr kwenye umaskini. Akawa padre, na 1816 akiwa kijiji cha Mariapfarr akaandika shairi la beti sita.

Mwaka uliofuata akahamishiwa Oberndorf, mtoni Salzach, kaskazini ya Salzburg. Na Oberndorf walikuwa wanaishi akina nani? Wale watu wa mashua za chumvi. Ila hali yao ilikuwa mbaya sana wakati huo. Vita vya Napoleon vilivuruga biashara, na 1816 mpaka mpya ukachorwa katikati ya mto: ng'ambo ile Laufen ikawa Bavaria, ng'ambo hii Oberndorf ikawa Austria. Ulikuwa mji mmoja. Kanisa kubwa la zamani likabaki upande wa pili, na ndugu wakaamka wako nchi mbili tofauti.

Tarehe 24 Desemba 1818 Mohr akampelekea shairi lake Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule wa kijiji cha jirani aliyekuwa akipiga kinanda kanisani, akamwomba atunge sauti za waimbaji wawili na gitaa. Gruber akatunga siku hiyohiyo. Usiku wakauimba, Mohr tena na gitaa mkononi, Gruber besi, na watu wakaitikia mwishoni. Ile hadithi kwamba panya walitafuna kinanda ndo maana wakatumia gitaa ni ya baadaye, Gruber alipoandika maelezo yake hakuwataja panya popote.

Alafu ukasambaa kwa waimbaji wa vijijini Tirol, mkoa wa milimani, waliokuwa wanazunguka kuuza glovu na kuimba, ukafika New York 1839, na kwa sababu ulisambaa bila majina watu wakadhani ni wa Haydn, au Mozart, au Beethoven. Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme wa Prussia kule Berlin waliandika kuuliza, Gruber akajibu kwa barua ya tarehe 30 Desemba kueleza yote. Mohr alishafariki 1848, hakuwahi kujua wimbo wake umefika wapi. Mwaka 1995 ikapatikana karatasi yenye mwandiko wa Mohr mwenyewe, shairi kaandika 1816, sauti za Gruber, ubishi ukaisha.

Kanisa lile la mwanzo liliharibiwa na mafuriko ya mto likabomolewa, mahali pake pana kikanisa kidogo cha pembe nane kilichowekwa wakfu 1937. Ni kidogo kweli, mabenchi machache, madirisha mawili ya vioo vya rangi, moja la Mohr moja la Gruber na gitaa. Tulikuwa wanne siku ile, mume na mke wa Korea, mimi na mwanangu. Wakaanza wao kwa Kikorea kwa sauti ya chini, tukaingia sisi kwa Kiswahili ubeti uleule, na kwa kuwa sauti ni moja hakuna aliyepotea. Baada ya hapo tulitembea mpaka kwenye daraja la chuma kuvuka mto, katikati ya daraja uko Austria, hatua chache uko Laufen, Ujerumani. Maji ni ya kijani kibichi na yanakwenda kasi, nikawa nawaza mashua za chumvi zikishuka.

Kwa wanaotoka nyumbani, viza ni ya Schengen, ileile ya Ujerumani au Italia, kwa hiyo Salzburg unaweza kuiunganisha kwenye safari nyingine. Siku tatu zinatosha: mji wa zamani na ngome siku moja, Hellbrunn na mgodi wa Hallein siku ya pili, humo mgodini unatelezea kwenye mbao kama wachimbaji walivyofanya na unavuka mpaka wa Ujerumani chini kwa chini, na siku ya tatu Oberndorf. Treni ndogo ya Oberndorf inatokea chini ya ardhi pale pale stesheni kuu ya Salzburg, ni nusu saa hivi, ukishuka unatembea kufuata mto. Tarehe 24 Desemba watu ni maelfu na kikanisani huingii, mnasimama nje kwenye baridi. Mkienda kama kwaya chagueni siku ya kawaida ya Novemba au Machi, mtakuwa peke yenu na mtaimba beti zote.